Goti Likiugua, Msuli Usilale

Katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba, mguu ndio chombo cha kwanza cha kila mtu. Kwa mguu mkulima hupanda vilima vya Pemba kuifuata mikarafuu yake. Kwa mguu mwanamke wa Paje, Jambiani au Bwejuu huteremka pwani maji yanapotoka, kwenda kuutazama mwani wake. Kwa mguu mchukuzi hupandisha mzigo bandarini, mzee huitikia adhana, na mtoto hwenda skuli na chuoni. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu; lakini hapana awezaye kugaagaa na upwa ikiwa goti lake halikunjiki.

Kwa sababu hiyo maradhi ya viungo si jambo dogo, wala si jambo la kuachiwa wazee wenyewe na chupa zao za mafuta ya kuchua. Aghalabu mtu anapolalamikia goti huambiwa, “Huo ni uzee, kaa kitako upumzike.” Maneno hayo husemwa kwa huruma, na wanaoyasema ni watoto wema. Hata hivyo tunalazimika kusema wazi kwamba ushauri huo, kwa walio wengi, humzidishia mgonjwa ugonjwa wake. Sababu ni kuwa ugonjwa wa goti hauishii gotini. Huingia katika misuli, hubadilisha namna misuli hiyo inavyofanya kazi mtu anapotembea, na mabadiliko hayo nayo hurudi kulitesa goti lile lile. Asiyelijua hilo humtibu mgonjwa nusu.

Watu wetu huyaita maumivu yote ya viungo baridi yabisi. Kwa hakika maradhi hayo ni ya namna mbalimbali, lakini lililoenea kuliko yote ni lile la kulika kwa gegedu, yaani ile ngozi ngumu na laini inayofunika ncha za mifupa ili zisisagane. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huo. Asilimia 73 kati yao walipindukia umri wa miaka 55, na asilimia 60 walikuwa wanawake. Kiungo kinachoshambuliwa zaidi ni goti, ambalo peke yake lilikuwa na wagonjwa milioni 365. Umri ni sababu moja, lakini si ya pekee. Uzito wa mwili, majeraha ya zamani, pamoja na kazi za kuchutama, kupiga magoti na kunyanyua mizigo, zote huongeza hatari. Msomaji atatambua mara moja kwamba kazi hizo ndizo kazi za watu wetu.

Ili tufahamu kinachoharibika, yafaa kwanza tufahamu kilicho kizima. Mtu anapotembea, kila mguu hukaa juu ya ardhi kwa takriban asilimia 60 ya muda wa hatua yake, na huning’inia hewani kwa asilimia 40 iliyobaki. Katika muda huo misuli hupokezana kazi kwa utaratibu, kama mabaharia wanaojua kila mmoja kamba yake. Kisigino kikigusa chini, msuli wa mbele ya muundi hulishusha wayo taratibu ili usipige ardhi kofi. Papo hapo goti hukunjika kidogo, kiasi cha nyuzi 15 hadi 20, na msuli mkubwa wa mbele ya paja, ambao una vichwa vinne, hulizuia lisianguke. Kazi yake wakati huo ni ile ya mtu anayelegeza kamba ya tanga polepole: haiachii, wala haikazi kupita kiasi. Kwa njia hiyo kishindo cha mwili humezwa na msuli kabla hakijaufikia mfupa.

Mwili ukishasimama juu ya mguu mmoja, msuli wa paja hupata nafasi ya kupumzika. Msuli wa ubavuni mwa nyonga hushika zamu ya kuzuia kiuno kisizame upande wa pili. Mwisho msuli wa shavu la mguu huusukuma mwili mbele, na mguu mwingine hupokea. Mtu mzima wa afya hafikirii lolote kati ya hayo. Misuli hufanya kazi na hupumzika kwa zamu, na katika kupumzika huko ndimo ilimo nguvu ya kutembea masafa marefu.

Sasa tutazame goti likiugua. Jambo la kwanza linalotokea ni kwamba msuli wa mbele ya paja hunyimwa amri. Goti likivimba na kujaa maji, mishipa ya fahamu iliyomo ndani yake hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo hujibu kwa kuzuia sehemu ya msuli isiitwe kazini. Hili si suala la uvivu wala la woga wa mgonjwa. Hutokea hata pasipo maumivu. Mwaka 1965 madaktari walilithibitisha kwa kutia maji katika magoti na kupima nguvu ya paja. Mwaka 1984 wengine walionyesha kwamba mililita 20 hadi 30 tu za maji zilitosha kuanza kuuzuia msuli wa upande wa ndani wa paja, na mililita 50 hadi 60 zilizuia sehemu nyinginezo. Kiasi hicho cha mwanzo hakijazi hata kikombe kidogo cha kahawa chungu. Basi mtu aliye na goti lililovimba kila siku, paja lake litakuwaje baada ya mwaka mmoja? Litakonda, nasi tutasema ni uzee.

Jambo la pili ni la kustaajabisha, kwani huonekana kama kinyume cha la kwanza. Watafiti wanapobandika vipokezi juu ya ngozi ya paja na kusoma umeme wa misuli wakati mgonjwa anatembea, hukuta kwamba msuli ule dhaifu haupumziki. Unapaswa kufanya kazi mwanzo wa hatua kisha kunyamaza, lakini kwa mgonjwa huendelea kukaza hadi katikati ya hatua na kuipita. Pamoja nao, misuli ya nyuma ya paja, ambayo kazi yake ni kulikunja goti, nayo hukaza wakati huo huo. Mfano wake ni shamba ambalo nusu ya wafanya kazi hawakuitwa, na wale waliobaki wanalazimishwa kushinda na kukesha. Hapana la kustaajabia ikiwa mgonjwa atakuambia amechoka kabla ya kufika msikitini au sokoni.

Kwa nini mwili hufanya hivyo? Kwa sababu goti limepoteza uthabiti na mwenyewe halitegemei tena. Mwili huamua kulifunga goti kwa kamba za mbele na nyuma ili lisiyumbe. Mtu hutembea polepole, hupiga hatua fupi, na goti lake halikunjiki ipasavyo kisigino kinapogusa chini. Kwa kitambo kidogo hila hiyo humsaidia. Lakini watu wawili wakivuta kamba moja huku na huku, kamba haisogei, bali hukaza. Na kinachokazwa hapa ni gegedu lile lile lililokwisha kulika. Kishindo ambacho kilistahili kumezwa na msuli sasa hukutana na mfupa. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wa goti kwa miezi 12, nao waliona kwamba wale ambao misuli ya upande wa ndani wa goti ilikaza pamoja kwa muda mrefu zaidi walipoteza gegedu zaidi.

Jambo la tatu ni kwamba taabu huhama. Goti likishindwa, nyonga na kifundo cha mguu hubebeshwa kazi isiyo yao, na mguu mzima hubebeshwa kazi ya mgonjwa. Kama nyonga ndiyo inayougua, msuli wa ubavuni hudhoofika, na mtu huanza kuuegemeza mwili wake upande wa maradhi kila anapokanyaga. Watoto wa mtaani humwita kwa jina la utani. Laiti wangejua kwamba mwendo ule si kiroja, bali ni hesabu ambayo mwili umeipiga ili upunguze maumivu, wangemwonea fahari na si kumcheka.

Hivyo ndivyo linavyofungika duara la balaa: goti huvimba, msuli husinzia, msuli ukisinzia, goti huyumba, goti likiyumba, misuli iliyobaki hukaza kupita kiasi, ikikaza, goti hulika na kuuma, likiuma, mtu hukaa. Akikaa, msuli hukonda zaidi, uzito huongezeka, pumzi hupungua, shinikizo la damu na sukari hupata nafasi, na siku atakapoinuka ghafla kwenda msalani usiku, ataanguka. Tunapomwambia mzee wetu “kaa”, twajua kweli tunamkalisha wapi?

Hatusemi kwamba kila goti liuma lilazimishwe kazi. Goti lililovimba ghafla, likawa jekundu na la moto, au likaambatana na homa. Goti lililoumia kwa kuanguka kiasi cha kutoweza kukanyaga. Kiungo kinachomuuma kijana mwenye selimundu. Hayo ni ya kupelekwa kwa daktari bila kuchelewa. Wala hatuwadharau wanaokanda kwa maji moto na kuchua kwa mafuta, maana nafuu ya saa mbili nayo ni nafuu. Tunachosema ni kwamba kuchua hakuuamshi msuli uliosinzia. Msuli huamshwa kwa kazi iliyopimwa, inayoongezwa kidogo kidogo.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Mgonjwa akae kitini, anyooshe mguu, akaze paja na kuhesabu mpaka tano, kisha alegeze. Na huko kulegeza nako ni sehemu ya mafunzo, maana msuli wake umesahau kupumzika. Ainuke kitini na kukaa tena bila ya kujisukuma kwa mikono, mara chache kwanza, halafu mara kumi. Apande na kushuka kidato kimoja huku ameshika ukuta. Asimame kwa ncha za vidole ili kuimarisha shavu la mguu. Atembee kila siku kwa kadiri yake. Maumivu madogo wakati wa mazoezi si hatari ikiwa yametulia kufikia siku ya pili. Yakizidi, apunguze, asiache. Huko Denmark, tangu mwaka 2013, wagonjwa wa goti na nyonga wamekuwa wakifundishwa kwa mpango wa namna hiyo: mafunzo mafupi ya kuuelewa ugonjwa wenyewe, kisha mazoezi mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki sita chini ya mtaalamu. Shabaha yake si nguvu tu, bali kuufundisha mguu upya zamu za misuli yake.

Hatutaki kumuuzia msomaji miujiza. Mapitio makubwa ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 44 kuhusu maumivu ya goti, yalithibitisha kuwa mazoezi hupunguza maumivu na huongeza uwezo wa mtu. Mapitio mapya ya mwaka 2024 yameonya tusizidishe matarajio: nafuu ipo, lakini kwa wastani si kubwa. Hilo tunalikubali. Lakini vidonge vya kutuliza maumivu ambavyo watu wetu huvinunua dukani na kuvimeza mwezi baada ya mwezi haviliponyi gegedu, navyo vinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Mazoezi hayatoi deni la namna hiyo, na huleta faida katika moyo na sukari pia. Kati ya njia mbili zisizo na muujiza, mwenye akili huchagua ile isiyomdhuru.

Yapo na mengine mepesi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja anayoipunguza mtu mnene mwenye ugonjwa wa goti hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Mwenye kupunguza kilo tano amelitua goti lake kilo ishirini, na hatua za siku moja ni maelfu. Na bakora, ambayo wengi huishika upande wa mguu unaouma, mahali pake ni mkono wa upande wa pili. Hapo ndipo inapougawa mzigo. Bakora si aibu. Aibu ni kuanguka kwa kuona haya kuishika.

Tukirudi katika mas-ala ya ibada, ambayo wazee wetu huyahofia kuliko yote, yule asiyeweza kwenda chini anaruhusiwa kuswali juu ya kiti, na misikiti mingi imekwisha kuviweka viti hivyo nyuma au ubavuni mwa safu. Hiyo ni rehema na tunaiheshimu. Lakini isiwe ndiyo hukumu ya mwisho kwa mtu wa miaka hamsini ambaye, kwa wiki chache za kuamsha mapaja yake, pengine angeweza kurudi kuinama na kuinuka na wenzake.

Sasa tunawageukia wenye dhamana. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa Pensheni Jamii wazee wote waliotimiza umri wa miaka 70. Lilikuwa jambo la heshima, lililotambua kwamba mzee ni mwananchi mwenye haki na si mzigo. Heshima hiyo haikamiliki ikiwa mzee anayo fedha mkononi lakini hana mguu wa kumfikisha dukani. Katika miaka ya karibuni zimejengwa hospitali za wilaya Unguja na Pemba, na wananchi wamefurahi kuziona. Swali letu ni moja: je, katika kila moja ya hospitali hizo yumo mtaalamu wa fiziotherapia, na chumba chake, na siku zake zinazojulikana na watu wa shehia? Ikiwa yumo, watu watangaziwe. Ikiwa hayumo, aajiriwe na asomeshwe, maana jengo lisilo na mtu wa kuufundisha mguu litabaki kugawa vidonge.

Pili, wapo wahudumu wa afya ya jamii ambao hupita nyumba kwa nyumba. Wakifundishwa mazoezi manne au matano tuliyoyataja, pamoja na dalili zinazomlazimu mgonjwa kwenda kwa daktari, elimu hiyo itafika Tumbatu na Micheweni bila ya kungoja jengo jipya.

Tatu, tuitazame kazi yenyewe. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza kwetu mwaka 1989, na kwa zaidi ya miaka thelathini akina mama wameinama na kuchutama ndani ya maji na juu ya mchanga, wakifunga mbegu na kubeba magunia mabichi. Wengi waliokianza wakiwa vijana sasa ni bibi. Meza za kufungia mbegu, vigoda vya kukalia na vyombo vya kusukumia mzigo si anasa. Ni kinga ya magoti ya mabinti zao. Wanunuzi wa mwani, vyama vya ushirika na maofisa wa uvuvi wakae pamoja walipange hilo. Kadhalika wachukuzi wa bandarini wawekewe kiasi cha mzigo ambacho mtu mmoja asikizidishe.

Nne, majengo ya umma. Anayehudumia wananchi ghorofani ajue kwamba kwa mgonjwa wa goti kushuka ngazi ni kuzito pengine kuliko kupanda, kwa kuwa kushuka ndiko kunakoudai zaidi msuli ule wa paja uliosinzia. Kipini cha kushikia ngazini, benchi la kupumzikia, na dirisha moja la chini kwa wazee ni vitu vya gharama ndogo. Ofisa asiyeweza kuteremka dakika tano kumsikiliza mzee asimtake mzee apande vidato arobaini kumfuata yeye.

Kwenu ninyi, ndugu zetu wa majumbani, jukumu halingoji bajeti. Baba akisema goti linamuuma, msimpokonye kila kazi. Mwacheni atembee hadi barazani kwa jirani, mwacheni ainuke mwenyewe kuchukua maji yake, nanyi kaeni karibu. Kumfanyia mzee kila kitu ni mapenzi, lakini ni mapenzi yanayoukondesha mguu wake. Na wazee nanyi, msiupokee udhaifu kama amri isiyopingika. Umri hauzuiliki, msuli, hata wa mtu wa miaka themanini, bado husikia ukiitwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa goti huanza kuzibwa pajani, kwa kazi ndogo ya kila siku, na kwa Serikali kumweka karibu na mwananchi mtu wa kumwonyesha namna ya kuifanya. Visiwa hivi vimejengwa na watu waliotembea. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba waliotutangulia wanaendelea kutembea miongoni mwetu, na hawabaki wamekaa vizingitini wakitutazama tukipita.